Baldur's Gate ya 1998 au Enhanced Edition: uanze na ipi, na ukikwama ufanyeje

Anayetaka kucheza Baldur's Gate, mchezo wa kuongoza kundi la wahusika safarini na vitani, kwenye kompyuta leo ana njia tatu. Ya kwanza ni mchezo wenyewe wa 1998, ule uliotengenezwa na BioWare na kutolewa na Interplay, pamoja na nyongeza yake ya 1999, Tales of the Sword Coast. Huu utalazimika kuurekebisha kidogo kidogo mpaka ukubaliane na Windows ya sasa. Ya pili ni kuuhamishia mchezo huohuo ndani ya injini (programu inayouendesha mchezo) ya Baldur's Gate II kwa modi za zamani, yaani marekebisho ya mashabiki, kama BG1Tutu au BGT. Ya tatu ni Baldur's Gate: Enhanced Edition, toleo ambalo kampuni ya Beamdog ilililetea uhai mpya Novemba 2012.

Jibu langu nalitanguliza: kama hujawahi kuucheza, chukua Enhanced Edition. Wala si kwa ajili ya picha, wala wahusika wapya. Mchezo huu ni mgumu wa kutosha wenyewe, na saa zako za mwanzo zinastahili kutumika kujifunza mapigano, zisiishie kwenye draiva na mafaili ya mipangilio. Hata hivyo wapo watu ambao toleo la asili ndilo linalowafaa, na hoja zao si za ubishi tu. Tuyaweke matoleo haya bega kwa bega.

Picha ni zilezile

Wengi wakisikia kuwa mchezo umeboreshwa hutarajia picha mpya. Hapa hakuna. Kila eneo la Baldur's Gate lilitengenezwa kama mchoro mmoja mkubwa uliokamilika, na yote yalipimwa kwa skrini ya pikseli 640 kwa 480. Trent Oster, mmoja wa waanzilishi wa BioWare ambaye baadaye aliiongoza Beamdog, alieleza kuwa mafaili ya msingi ya sanaa hiyo yalikuwa yamepotea. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuitengeneza upya kwa ukubwa wa leo. Kilichowezekana ni kuikuza ile iliyobaki.

Faida ya Enhanced Edition iko kwenye namna ya kuitazama. Inajaza skrini pana bila msaada wa modi, unasogeza karibu au mbali kwa gurudumu la kipanya, na menyu zinakua kulingana na skrini. Toleo la asili ukiliwekea modi ya skrini pana utaona sehemu kubwa zaidi ya eneo kwa wakati mmoja, lakini wahusika wanakuwa wadogo mno, na kurasa za mizigo na ramani zinabaki kijisanduku cha 640 kwa 480 katikati ya skrini. Macho yakichoka upesi, hili peke yake linaamua.

Kitu kimoja nakisikitikia. Video za kati ya sura, zile za pande tatu za mwaka 1998, Enhanced Edition imezibadilisha kwa michoro ya mkono inayosogea. Michoro hiyo ni mizuri, lakini tukio la ufunguzi lilitisha zaidi lilipokuwa kwenye sura yake ya zamani.

Kanuni ndizo zilizobadilika

Hapa ndipo penye tofauti kubwa, na ndipo wengi hawaangalii. Matoleo yote mawili yanafuata kanuni za Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kete, toleo la pili. Lakini Enhanced Edition inaendeshwa na injini ya mchezo wa pili wa 2000, ikiwa na aina za wahusika ambazo mchezo wa kwanza haukuzijua: mchawi wa kuzaliwa, mtawa mpiganaji, mpiganaji wa hasira, pamoja na tawi la ubingwa kwa karibu kila kazi. Unaweza kushika silaha mbili, moja kila mkono. Ulimwengu wenyewe, maadui wake na mashimo yake, haukupanuliwa kwa kiasi hichohicho. Matokeo yake ni kwamba kundi lililoundwa vizuri kwenye Enhanced Edition lina nguvu kuliko kundi lolote la 1998 likiwa mbele ya maadui walewale. Anayesema toleo la asili lina mizani bora ana hoja ya kweli.

Kuna upande wa pili. Mwaka 1998 ujuzi wa silaha uligawanywa kwa makundi mapana. Ukichagua panga kubwa, umeshapata upanga mrefu na ule wa mikono miwili kwa pamoja. Upanga wowote wa ajabu utakaouokota, kuna mtu wa kuushika. Enhanced Edition inakutaka uchague silaha moja moja, na orodha yake imetoka kwenye mchezo wa pili. Humo kuna katana na silaha nyingine ambazo katika safari hii ya kwanza karibu hutaziona. Mgeni akiweka pointi zake zote huko atatembea muda mrefu na silaha ya kawaida. Ukicheza Enhanced Edition, weka ujuzi kwenye upanga mrefu, upinde mrefu, au nyundo ya vita kama ni kuhani. Silaha nzuri za aina hizo zipo tangu sura za mwanzo: Varscona, upanga mrefu wenye baridi, anao Greywolf kwenye machimbo ya Nashkel, na nyundo ya Ashideena anayo Bassilus, kuhani mwendawazimu wa magharibi.

Mwizi naye amebadilika. Zamani kunyata kulikuwa ujuzi mmoja. Sasa kumekuwa viwili, kujificha kivulini na kutembea bila sauti, na kumeongezwa kutega mitego na kugundua mazingaombwe. Ukitawanya pointi kote, mwizi wako hatakuwa hodari popote. Mitego na makufuli kwanza.

Ukomo wa uzoefu, yaani pointi zinazompandisha mhusika ngazi, pia unafaa kujulikana. Mchezo wa 1998 bila nyongeza unasimama kwenye pointi 89,000. Ukiwa na Tales of the Sword Coast unafika 161,000, na Enhanced Edition imebaki na kiwango hichohicho, kinachomtosha mwizi kufika ngazi ya 10.

Wahusika wapya

Enhanced Edition imeongeza Neera, Dorn na Rasaad juu ya wale 25 wa zamani. Maoni yangu: wameandikwa kwa sauti nyingine. Wale wa 1998 wakishaingia kwenye kundi husema machache sana. Hawa watatu wanazungumza, wana visa vyao, wanakuuliza maoni. Ukiwachukua watatu pamoja, wenzao wataonekana kama mabubu. Kinachopendeza ni kwamba hulazimiki. Neera utamkuta mji wa Beregost na Rasaad yuko Nashkel; ukikataa kuwachukua, hadithi kuu inaendelea kama ilivyoandikwa mwanzoni. Anayekataa Enhanced Edition kwa sababu yao tu anaacha mengi kwa jambo linalomalizwa na jibu moja la mazungumzo.

Toleo la asili likikataa

Matatizo yake karibu yote yana vyanzo vitatu, na ukivijua huhitaji kubahatisha.

Chanzo cha kwanza ni mahali lilipowekwa. Mchezo wa enzi hizo huandika mipangilio na hifadhi zako ndani ya folda yake wenyewe. Ukiusakinisha ndani ya Program Files, Windows huuzuia kuandika pale na kupeleka mafaili kimyakimya kwenye folda iliyofichwa inayoitwa VirtualStore. Ndiyo maana unabadilisha baldur.ini, faili la mipangilio, na hakuna kinachotokea, au unahifadhi safari yako kisha unaitafuta huioni. Sakinisha kwenye folda rahisi nje ya pale, kwa mfano C:\Games\BG, na nusu ya malalamiko yataisha kabla hayajaanza.

Chanzo cha pili ni uchoraji wa skrini. Mchezo unatumia DirectDraw, njia ambayo Windows za karibuni zinaiiga tu. Dalili zake ni skrini kumetameta, kipanya kuacha alama nyuma yake, au mchezo kujivuta kwenye kompyuta yenye nguvu tele. Nakala ya dijitali ya duka la mtandaoni la GOG ilitayarishwa kwa Windows mpya na kwa wengi inatosha. Kama bado inasumbua, programu ya dgVoodoo2 hutafsiri amri hizo za zamani kwenda kwenye lugha ambayo kadi ya picha ya leo inaielewa. Unanakili mafaili yake kwenye folda ya mchezo, basi.

Chanzo cha tatu ni diski. Mchezo ulikuja kwenye CD tano, na mwenye seti ya zamani bado ataombwa abadilishe diski kila anapovuka eneo. Nakili data za diski zote kwenye diski kuu, fungua baldur.ini, tafuta sehemu ya [Alias], halafu uelekeze mistari ya CD1 hadi ya mwisho kwenye folda uliyonakilia. Ombi la diski halitarudi.

Kuna kero nyingine ambayo si hitilafu hasa, na kila mchezaji wa zamani anaijua: njia za kutembea. Unawaagiza watu sita wapite ukumbini, wawili wanakwama, mmoja anageuka na kuzunguka ramani nzima mpaka kwenye meno ya maadui. Mchezo ulipewa kikomo kidogo cha hesabu za kutafuta njia ili kompyuta za 1998 zisizidiwe. Katika baldur.ini kuna mstari wa Path Search Nodes wenye thamani ya 4000. Wengi huandika 400000, na kompyuta ya leo haitahisi chochote. Fanya hivyo kabla ya kuingia kwenye machimbo ya Nashkel, ambako vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana ni mgogoro.

Enhanced Edition nayo ikigoma

Haiko salama kabisa, lakini matatizo yake ni ya zama zetu. Lililo maarufu ni la hifadhi kutoonekana au mchezo kukataa kuhifadhi. Enhanced Edition huweka kila kitu chako kwenye folda ya Documents, ndani ya folda yenye jina la mchezo. Huduma ya OneDrive ikiwa imeichukua Documents yako, au ulinzi wa Windows dhidi ya programu za utekaji ukiwa umewashwa, mchezo unanyimwa ruhusa ya kuandika. Suluhisho ni kuitoa folda hiyo kwenye usawazishaji, na kuuruhusu mchezo katika orodha ya programu zinazoaminika. Usikimbilie kusakinisha upya. Ukisakinisha mara kumi, folda ya Documents itabaki ilivyo.

Skrini nyeusi au nyeupe mwanzoni mara nyingi hutokana na draiva ya kadi ya picha, hasa picha zilizojengwa ndani ya prosesa za zamani. Sasisha draiva kwanza. Ikiwa mchezo uliwahi kufunguka na sasa umekataa baada ya kubadilisha mipangilio, futa faili la Baldur.lua lililo kwenye ile folda ya Documents; mchezo ukifunguka utaliunda upya likiwa safi, na hifadhi zako hazitaguswa kwa kuwa ziko kwenye folda ndogo ya save. Unakili faili hilo mahali pengine kabla ya kulifuta, kama una mipangilio unayoipenda.

Ndani ya Baldur.lua kuna vitu viwili vya kuvijua. Mstari wa Maximum Frame Rate una thamani ya 30, na usidhani ni ulaini wa picha peke yake. Mwendo mzima wa ulimwengu umefungwa humo. Ukiandika 60, watu wanatembea na kupigana kwa kasi maradufu. Kuipandisha kidogo, hadi 40, kunapunguza uchovu wa kuvuka maeneo makubwa. Kitu cha pili ni Debug Mode. Ukiipa thamani ya 1, Ctrl pamoja na J humhamishia mhusika uliyemchagua pale kipanya kilipo. Wapo watakaosema ni udanganyifu. Mimi naona ni zana halali pale mwenzio aliponasa nyuma ya mti na hawezi kutoka. Itumie kwa hilo, kisha uisahau.

Maandishi yakiwa madogo, tafuta chaguo la kukuza menyu kwenye mipangilio ya picha, halafu usogeze ukubwa wa herufi.

Modi, na mtego wa Siege of Dragonspear

Kwa matoleo yote, modi nyingi husakinishwa kwa WeiDU, programu inayobadilisha mafaili ya mchezo na kuongeza maneno kwenye faili moja kuu la mazungumzo, dialog.tlk. Ukiona mhusika anasema neno Invalid likifuatiwa na namba badala ya sentensi, faili hilo na hifadhi yako havikubaliani tena: aidha umeondoa modi katikati ya safari, au umesakinisha kwa lugha moja na unacheza kwa nyingine. Hakuna dawa nzuri ya hilo zaidi ya kuanza upya. Chagua modi zako kabla ya kuunda mhusika, usiguse tena mpaka umalize.

Enhanced Edition ina mitego miwili ya ziada. Maduka ya dijitali husasisha michezo yenyewe, na sasisho likishuka juu ya mchezo uliowekewa modi huuvunja. Nakili folda nzima ya mchezo mahali pengine na uweke modi kwenye nakala hiyo. Mtego wa pili ni Siege of Dragonspear, nyongeza ya 2016. Kwenye Steam na GOG huja ikiwa imefungwa ndani ya faili moja la zip ambalo WeiDU haiwezi kulisoma, kwa hiyo modi zinaonekana kama zimewekwa sawasawa ilhali sehemu ya data haikuguswa. Tumia DLC Merger, inayoifungua zip hiyo, kabla ya modi nyingine yoyote.

Kwa mara ya kwanza, EE Fixpack, modi ya kurekebisha hitilafu, inatosha. Sword Coast Stratagems, inayowafundisha maadui kupigana kwa akili, ni kazi nzuri sana, na nakusihi uiache hadi safari ya pili: inadhani tayari unaujua kila uchawi na kinga yake.

BG1Tutu na BGT

Zilikuwa muhimu mno kabla ya 2012. Tutu huendesha data za mchezo wa kwanza ndani ya injini ya pili. BGT huunganisha michezo yote kuwa safari moja ndefu. Zote zinahitaji uwe na Baldur's Gate na ya pili. Leo nazipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayetaka urahisi wa injini ya pili bila mguso wowote wa Beamdog. Mwingine yeyote atabeba ugumu wa usakinishaji wa zamani na bado apate kanuni zilezile za Enhanced Edition.

Kuhusu tableti na simu: Enhanced Edition ipo kwenye iPad tangu 2012 na Android tangu 2014, na tangu 2019 kwenye mashine za kuchezea sebuleni. Kwenye tableti inachezeka vizuri, kwa kuwa mchezo unaosimama kila unapotaka unavumilia kidole. Kwenye simu ndogo herufi na malengo ni shida. Modi zisahau, au ujiandae kuhangaika.

Saa za mwanzo, ambako wengi huachia njiani

Niliyoyasema hadi hapa ni ya mashine. Ukweli ni kwamba wanaouacha mchezo huu huuacha kwa sababu wamekufa mara nyingi kabla ya kuelewa kwa nini, na hilo hutokea kwenye toleo lolote.

Anza na hesabu, kwa sababu inaenda kinyume na michezo ya leo. Kinga ya mwili ni bora inavyoshuka: 10 ni mtu asiye na kitu, 0 ni ngao na chuma. THAC0, kipimo cha uwezo wako wa kumpata adui, nayo ni bora inavyoshuka. Mchezo unarusha kete ya pande 20, na ili upige unahitaji THAC0 yako ukitoa kinga ya adui. Mwenye THAC0 ya 20 akimkabili adui mwenye kinga ya 5 anahitaji 15 au zaidi, yaani atakosa mara nyingi kuliko atakavyopata. Mchezo haujaharibika, uko ngazi ya kwanza. Enhanced Edition huonyesha hesabu hizi kwa uwazi zaidi kwenye ukurasa wa mhusika, na kwa mgeni hilo ni msaada mkubwa.

Kutokana na hesabu hiyo, upinde ndiyo silaha ya sura za mwanzo. Hurusha mara mbili kwa kila raundi ya sekunde sita, na adui anapata madhara kabla hajakufikia. Kila anayeweza kushika upinde apewe upinde, wengine kombeo. Kwa matoleo yote mawili ushauri huu haubadiliki.

Tarnesh, mchawi anayekusubiri kwenye ngazi za nyumba ya wageni ya Friendly Arm Inn, ameua watu wengi kuliko majoka. Hujizungushia taswira za uongo, kisha huwatupia hofu watu wako wakakimbia ovyo. Lakini mchawi yeyote anayechomwa au kupigwa wakati anatamka uchawi, uchawi huo unavunjika. Wasambaze watu wako kabla ya kumsogelea, na anapoanza kutamka mrushieni wote, bila kubakiza hata mmoja. Ukishalielewa hili, umeelewa nusu ya vita vya mchezo mzima.

Mchawi wako wa ngazi ya kwanza asibebe kombora la kichawi. Abebe usingizi. Uchawi huo mmoja hulaza kundi zima la maadui dhaifu, na aliyelala hupigwa bila kukosa. Haufai kwa wafu wanaotembea, wala kwa jamii ya elf, ambao huupinga karibu kila mara.

Washa kujisimamisha kwa mchezo kwenye menyu: adui akionekana, mtego ukigunduliwa, silaha ikiwa haitumiki tena. La mwisho lina sababu ya pekee, maana hadithi yenyewe inahusu chuma kibovu, na silaha za kawaida huvunjika mikononi katikati ya vita. Beba za akiba mpaka upate za kichawi.

Wenzako nao wana mambo yao. Khalid na Jaheira, Minsc na Dynaheir, Xzar na Montaron huenda wawili wawili. Ukimwacha mmoja, wa pili anaondoka naye. Edwin anataka Dynaheir auawe, kwa hiyo usiwaweke kundi moja ukitegemea watapatana. Na anayekupa kazi akikuharakisha, fanya haraka kweli: Jaheira na Khalid wanataka mwende Nashkel, na wakicheleweshwa sana wataondoka.

Kwa ugumu, toleo la asili linakupa kitelezi tu, wakati Enhanced Edition imeongeza ncha mbili: hali ya hadithi, ambamo watu wako hawafi, na Legacy of Bhaal kwa wanaotafuta mateso. Anza na kiwango cha kawaida. Ukiwa Enhanced Edition, ruhusu pointi zote za uhai kila mnapopanda ngazi. Kwenye ngazi za chini, mpiganaji aliyepata pointi moja kwa bahati mbaya ya kete ni mzigo kwa kundi zima.

Nani achukue lipi

Toleo la asili nalipendekeza bila kusita kwa aliyekwisha kuumaliza mchezo kwenye Enhanced Edition na sasa anataka kuuona katika mizani yake ya kwanza, bila silaha mbili wala matawi ya ubingwa. Nalipendekeza pia kwa anayependa kazi ya kurekebisha programu za zamani, maana hiyo ni starehe yenye thamani yake. Kwa wengine wote ni Enhanced Edition, wakiwaacha wahusika wapya kwa safari ya pili.

Ukijua mapema kwamba utaendelea hadi Baldur's Gate II, amua jambo moja kabla ya kuanza. Modi ya EET huunganisha Enhanced Edition ya kwanza, Siege of Dragonspear na ya pili kuwa mchezo mmoja usio na mkato, kama BGT ilivyofanya kwa matoleo ya zamani. Inadai uwe na michezo yote hiyo, na nafasi ya kutosha kwenye diski. Isakinishe ukiwa bado hujaunda mhusika.